Sura ya Sita: Nani Alisema Dripu Inaponya?

Mgonjwa akifikishwa hospitali akiwa hoi, kitu cha kwanza ambacho ndugu zake wanataka kukiona ni dripu. Ikishatundikwa na matone yakaanza kushuka, mioyo yao hutulia, maana matibabu yameanza. Isipotundikwa, mkubwa mmoja wa familia atamfuata daktari hadi mlangoni: "Daktari, samahani, mbona baba yetu bado hamjamwekea dripu?" Daktari naye, kijana aliyekesha usiku kucha na ambaye nusu ya wodi bado hajaiona, mara nyingi ataitundika. Hafanyi hivyo kwa kuwaridhisha ndugu peke yake. Vitabu alivyosomea na wakubwa waliomfundisha walimwambia jambo hilohilo: presha ya mgonjwa ikishuka, mpe maji, mpe mengi, tena mpe haraka.

Nani alithibitisha hayo? Kwa mgonjwa wa aina gani, na kwa kiasi gani cha maji? Kwa miaka mingi maswali hayo hayakuulizwa kwa sauti, kwa sababu jibu lilionekana kuwa wazi mno. Yalipoulizwa hatimaye kwa utaratibu unaoaminika, sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwetu: Kilifi, Muheza, Mbale, Soroti, Lacor, Mulago na Lusaka. Jibu hilo liliwashtua mabingwa wa dunia nzima. Ndilo pia sababu kuu ninayoiona ya kumfundisha utafiti kila daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, tena kwa uzito uleule tunaoutumia kumfundisha kusikiliza moyo na kusoma picha ya kifua.

Ngazi za wodini

Magonjwa ya ndani ni tawi la tiba linalomshughulikia mtu mzima ambaye ugonjwa wake kwa kawaida hautibiwi kwa kisu. Moyo, mapafu, ini, figo, damu, sukari, presha, kifua kikuu, UKIMWI na maambukizi mengine yote yako humo. Ni wodi yenye wagonjwa wengi na majibu ya haraka machache. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na sukari, presha, figo zinazoanza kushindwa na nimonia kwa wakati mmoja, na dawa inayosaidia kiungo kimoja ikaumiza kingine.

Kwa Tanzania, anayehitimu shahada ya kwanza ya udaktari baada ya miaka 5 hufanya mwaka 1 wa utarajali, akizungushwa kwenye idara kubwa za hospitali. Akitaka ubingwa wa magonjwa ya ndani hurudi chuoni, Muhimbili, KCMC, Bugando au kwingineko, kwa miaka mingine kadhaa. Katika miaka hiyo ni mwanafunzi na mfanyakazi kwa pamoja. Anapokea wagonjwa usiku, asubuhi anawaeleza mabingwa kwenye raundi, mchana anafuatilia vipimo, na jioni anawaelekeza watarajali na wanafunzi walio chini yake. Hospitali kubwa za rufaa zinategemea mabega ya vijana hawa. Kenya na Uganda njia inakaribiana na hiyo.

Mfumo huu una historia. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1889, mkuu wa magonjwa ya ndani alikuwa William Osler, daktari kutoka Kanada. Osler aliwaweka madaktari vijana waishi hospitalini, wakabidhiwe wagonjwa na wapande daraja kadiri uwezo wao ulivyokua. Aliwatoa wanafunzi kwenye kumbi za mihadhara akawapeleka kando ya vitanda. Hapo Hopkins maabara zilikuwa karibu na wodi, na daktari alitarajiwa kutibu na kuchunguza. Nchi nyingi ziliiga sehemu ya kwanza ya mpango ule, yaani kukaa hospitalini na kufanya kazi bila kuhesabu saa. Sehemu ya pili, ya kuchunguza, iliigwa kwa kusuasua, na kwetu imebaki nyuma zaidi. Hadithi ya dripu inaonyesha hasara yake.

Detroit, 2001

Sepsisi ni hali inayotokea pale mwili unapopambana na maambukizi kwa namna inayoanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Mishipa hulegea na kuvuja, presha hushuka, na damu haifiki inavyopasa kwenye figo, ubongo na moyo. Kwa kuwa mishipa imelegea, wazo la kuijaza maji linaingia akilini kirahisi.

Mwaka 2001 daktari Emanuel Rivers na wenzake walichapisha utafiti wao kutoka hospitali moja ya Detroit. Waliwagawa wagonjwa 263 wenye sepsisi kali katika makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu wa kawaida. La pili lilitibiwa kwa ratiba kali ya saa 6 za mwanzo: maji mengi mapema, dawa za kupandisha presha, damu ikihitajika, na vipimo vya mara kwa mara. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 46.5 katika kundi la kawaida na asilimia 30.5 katika kundi la ratiba. Tofauti ilikuwa kubwa mno, na hospitali nyingi duniani zilibadilisha miongozo yao.

Utafiti ule ulifanywa mahali penye chumba cha wagonjwa mahututi, mashine za kupumulia na muuguzi wa kumwangalia mgonjwa kila dakika. Hata hivyo ujumbe uliosafiri ulikuwa mfupi kuliko utafiti wenyewe, nao ni kwamba maji mengi na ya haraka yanaokoa. Ulifika pia kwenye wodi ambazo muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa kadhaa na oksijeni haitoshi.

Watoto 3,141

Kabla ya kufika kwa watu wazima, swali hilo lilipimwa kwanza kwa watoto. Kathryn Maitland, daktari aliyefanya kazi kwa miaka mingi Kilifi, pwani ya Kenya, aliongoza na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST. Hospitali sita zilishiriki: Kilifi kwa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa Uganda, na Teule, Muheza, kwa Tanzania. Watoto waliopokelewa walikuwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, kama vile mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu. Wengi wao walikuwa na malaria.

Kura iliamua nani apewe nini. Kundi la kwanza lilipewa maji ya chumvi kwa wingi na kwa haraka, na la pili maji yenye protini ya albumini kwa namna hiyohiyo. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka. Lilipata maji ya polepole ya kawaida pamoja na matibabu mengine yote waliyopata wenzao.

Mpango ulikuwa kufikia watoto 3,600. Mwanzoni mwa 2011, kamati huru iliyokuwa ikitazama takwimu iliagiza utafiti usimamishwe. Watoto 3,141 walikuwa wameshaingia. Katika saa 48 za mwanzo, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Kwa hesabu nyepesi, katika kila watoto 100 waliojazwa maji, watatu hivi zaidi walikufa.

Uchambuzi uliofuata ulionyesha jambo zito zaidi. Katika saa ya kwanza, waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu zaidi, kwani dalili za mzunguko mbaya wa damu ziliondoka kwa wengi zaidi kati yao. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona mtoto anachangamka. Baadaye mzunguko wa damu ukaporomoka na mtoto akafa, na hakuna aliyeweza kukihusisha kifo hicho na dripu iliyomletea nafuu mapema. Kwa macho peke yake, hata daktari mwenye uzoefu wa miaka 30 asingeweza kuitambua tofauti ya watoto watatu katika mia. Kilichoionyesha ni kura, hesabu na subira.

Hapa msomaji asikose kuelewa. Utafiti ule haukuhusu mtoto anayeharisha, aliyeungua moto, wala mwenye utapiamlo mkali. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa maji anaokolewa na maji, na kumnyima ni kumwua. Funzo lake ni kwamba mzunguko mbaya wa damu unaoletwa na malaria au maambukizi si sawa na ule unaoletwa na kuharisha, hata kama wagonjwa hao wawili wanafanana kwa nje.

Lusaka, watu wazima

Ubishi uliendelea kwa miaka. Wapo waliosema kwamba hayo ni ya watoto, na ya malaria, na kwamba mtu mzima ni habari nyingine. Ndipo Ben Andrews na wenzake wa Zambia na Marekani walipolipeleka swali kwenye Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu mjini Lusaka. Kati ya 2012 na 2013 waliwaingiza watu wazima 212 waliokuwa na sepsisi na presha ya chini. Karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, na wengi wao hawakuwa wazee.

Kundi moja lilitibiwa kama kawaida ya hospitali. La pili lilifuata ratiba iliyorahisishwa ili ifae mazingira ya pale: maji mapema, dawa ya kupandisha presha, na damu inapohitajika. Katika saa 6 za mwanzo, kundi la ratiba lilipata wastani wa lita 3.5 za maji dhidi ya lita 2 kwa kundi la kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 33 kwa waliotibiwa kama kawaida, na asilimia 48.1 kwa waliotibiwa kwa ratiba.

Ziweke takwimu hizi pembeni ya zile za Detroit, na utaona zimegeuka. Zaidi ya hapo, tafiti tatu kubwa zilizofanyika Marekani, Australia na nchi nyingine kadhaa, na Uingereza, matokeo yake yakatoka mwaka 2014 na 2015, hazikuona faida ya ratiba kali hata kwenye nchi tajiri, pale ambapo matibabu ya kawaida yalishakuwa mazuri.

Ratiba ile iliua zaidi Lusaka kwa sababu ambazo hazijajulikana zote, ila mazingira yanaeleza mengi. Mwili uliodhoofishwa na UKIMWI, kifua kikuu, upungufu wa damu na njaa ya muda mrefu huenda usihimili lita tatu na nusu kwa saa sita. Mapafu yakijaa, mgonjwa anahitaji mashine ya kupumulia, na kama mashine haipo, hakuna njia ya kurudi nyuma. Matibabu ni yaleyale, lakini mwili na hospitali vimebadilika, na jibu nalo limebadilika. Kwa hiyo daktari wa Dodoma au Kisumu anayesoma mwongozo ulioandikwa mbali ana wajibu wa kuuliza: waliopimwa ni nani, walipimwa wapi, na wanafanana vipi na huyu aliyelala mbele yangu?

Fangasi na tarehe ya kuanza dawa

Dripu siyo mfano wa pekee. Kwenye wodi za magonjwa ya ndani za Afrika Mashariki kuna ugonjwa mwingine uliotufundisha somo hilohilo, nao ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aina ya kriptokokasi kwa watu wenye UKIMWI uliokomaa. Mgonjwa huja na maumivu makali ya kichwa yaliyodumu wiki kadhaa, kisha huanza kuchanganyikiwa. Bila matibabu hufa.

Palikuwa na swali lililoonekana dogo. Mgonjwa huyu hajaanza dawa za kupunguza makali ya virusi, je, aanzishiwe lini? Akili ya kawaida ilisema aanze mara moja, kwa kuwa UKIMWI ndio ulioleta haya yote. Madaktari wa Kampala na Mbarara, pamoja na wenzao wa Cape Town na Marekani, walilipima swali kwa kura. Wagonjwa 177 waliingia. Walioanzishiwa dawa katika wiki ya kwanza au ya pili walikufa kwa asilimia 45 ndani ya wiki 26, na waliosubirishwa hadi wiki ya tano hivi walikufa kwa asilimia 30. Kinga ikiamka ghafla wakati ubongo bado umejaa fangasi, hasira yake humwumiza mwenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na tangu hapo kusubiri wiki kadhaa kumekuwa sehemu ya matibabu.

Tanzania nayo ilichangia. Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzake walifanya utafiti Dar es Salaam na Lusaka kwa wagonjwa 1,999 waliofika kliniki wakiwa na kinga ya chini sana. Nusu yao, mbali na kupimwa fangasi hao kwenye damu, walitembelewa nyumbani na wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo, katika wiki za mwanzo za dawa. Baada ya mwaka mmoja, vifo vilikuwa asilimia 13 kwa waliotembelewa na asilimia 18 kwa wasiotembelewa. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya, ila kipimo hicho na mtu wa kubisha hodi na kuuliza, "Mama, dawa zinaendaje?"

Kisha ukaja utafiti wa nchi tano, Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, uliochapishwa mwaka 2022. Ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na aina mbili za vidonge vya kusaidia kwa wiki mbili, inafanya kazi sawa na dripu za wiki nzima zilizokuwa zikichosha figo na kumaliza damu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye mwongozo wake. Ndivyo wagonjwa wa Kiafrika, wakitibiwa na madaktari wa Kiafrika, walivyoandika ukurasa wa mwongozo unaosomwa na dunia.

Utafiti huanzia kwenye raundi

Baadhi ya wanafunzi wa ubingwa hudhani utafiti ni jambo la wenye fedha za wafadhili. Fedha zinahitajika, ila mwanzo wake ni macho na daftari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye vijiji vya Rakai, kusini mwa Uganda, na ng'ambo ya mpaka mkoani Kagera, watu wazima walianza kukonda, kuharisha na kufa. Tanzania ilitambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI Kagera mwaka 1983. Uganda, madaktari wakiwemo David Serwadda, Roy Mugerwa na Nelson Sewankambo walikwenda kuwatazama wagonjwa wa Rakai, wakawapima, wakawaandika mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1985 wakachapisha maelezo ya ugonjwa ambao wenyeji waliuita "Slim". Serwadda alikuwa bado daktari kijana. Ulikuwa wakati mgumu, nchi ikiwa vitani na hospitali zikiwa hazina vitu. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kutazama kwa makini na kukataa kulizoea jambo lisilo la kawaida.

Mazoea hayo ndiyo yanayopaswa kujengwa wodini kila siku. Bingwa anapopita raundi na kumwuliza mwanafunzi, "Dokta, kwa nini umempa lita tatu?", jibu la "ndivyo tunavyofanya" lisikubalike. Wala mwanafunzi asionekane mkosa adabu akimwuliza bingwa, "Prof, samahani, hilo lilipimwa wapi?" Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika tiba kuna ziada, kwani asiyeuliza huendelea kutoa dawa ileile kwa miaka 30, na wagonjwa wanaolipia kimya chake hawajui.

Tasnifu iliyofungiwa kabatini

Kwa sheria ya vyuo vyetu, kila anayesomea ubingwa anafanya utafiti na kuandika tasnifu. Kwa karatasi, basi, mafunzo yapo. Tatizo ni namna yanavyofanyika. Mwanafunzi anatafuta mada peke yake, mara nyingi inayoweza kumalizika haraka. Anasubiri kibali cha kamati ya maadili. Anakusanya takwimu huku akikesha zamu, akiingiza majina kwenye dodoso saa tano usiku. Msimamizi wake ana wanafunzi wengine, kliniki na vikao. Mtakwimu anaitwa mwishoni, wakati makosa ya mpango hayarekebishiki tena. Tasnifu inajalidiwa, inatetewa, inawekwa kabatini. Wodi iliyotoa takwimu hizo haisikii matokeo, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanza mada inayokaribiana na ileile.

Hapo kijana hajafundishwa utafiti. Amefundishwa kwamba utafiti ni ushuru wa kulipa ili apate cheti, na akishaupata hatarudi tena huko.

Namna ya kurekebisha inajulikana. Kwanza, idara iwe na maswali yake ya muda mrefu, kwa mfano kwa nini wagonjwa wetu wa kushindwa kwa moyo wanarudi wodini mapema, na kila mwanafunzi achukue kipande cha swali hilo. Tasnifu sita ndogo zinazojengana zina maana kuliko sita zilizotawanyika. Pili, mwanafunzi apewe wiki za utafiti zisizo na zamu, na wiki hizo ziheshimiwe hata wodi ikijaa. Tatu, mtakwimu akae mezani siku ya kwanza. Nne, kila tasnifu irudi wodini kwa mkutano wa nusu saa, wauguzi wakiwepo, na idara iamue: tunabadilisha nini, au tunaacha nini?

Hatua zimekwisha kupigwa. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha mpango wa miaka 5 wa kusaidia vyuo vya tiba vya Afrika. KCMC, Makerere na Nairobi vilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyonufaika, na sehemu ya fedha ilikwenda kuwaandaa vijana kwa utafiti. Lakini mpango wa mfadhili una tarehe ya mwisho. Kinachodumu ni kilichoandikwa kwenye bajeti ya chuo na kwenye ratiba ya zamu.

Mafunzo nayo yapimwe

Kuna jambo moja zaidi, na halizungumzwi vya kutosha. Namna tunavyowafunza madaktari ni tiba pia, kwa maana ya kwamba inaweza kuokoa au kudhuru. Nayo inapimika.

Mwaka 1984 mjini New York, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki saa chache baada ya kulazwa, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari waliokuwa mafunzoni. Baba yake alipigania suala hilo hadharani kwa miaka. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea kwa mafunzo ya ubingwa nchini kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ukaonyesha kwamba madaktari wa mwaka wa kwanza wanaofanya zamu za zaidi ya saa 24 katika vyumba vya mahututi walifanya makosa makubwa mengi zaidi kwa theluthi moja hivi kuliko walipopangiwa zamu fupi.

Mjadala haukuishia hapo. Zamu fupi zina maana ya kukabidhiana wagonjwa mara nyingi, na katika kukabidhiana habari hupotea. Kwa hiyo kati ya 2015 na 2016, programu 63 za ubingwa wa magonjwa ya ndani Marekani zilikubali kugawanywa kwa kura, nyingine zikifuata kikomo kikali cha urefu wa zamu, nyingine zikiachiwa kupanga zamu ndefu. Vifo vya wagonjwa havikuongezeka kwa zamu ndefu. Vijana waliozifanya, hata hivyo, hawakuridhika na maisha yao wala mafunzo yao kama wenzao. Kila upande ulipata takwimu za kufikiria.

Sidai kwamba majibu ya kule ni ya kwetu. Sura nzima hii imeonya dhidi ya kosa hilo. Ninachosema ni kwamba wao waliliuliza swali. Ratiba za zamu kwenye hospitali zetu za mafunzo zimerithiwa, na mtu anayekesha saa 30 akiandika dozi za insulini ni hatari kwa mgonjwa na kwake mwenyewe. Zipimwe hapa, na madaktari walio mafunzoni wawe watafiti wa suala hilo, kwa kuwa ndio wanaolijua zaidi.

Neno kwa msomaji

Siku moja, wewe au mzee wako mtakuwa kwenye kitanda cha wodi ya magonjwa ya ndani, na daktari kijana atakuja na fomu ya ridhaa ya utafiti. Usimwone kama mtu anayekuja kufanya majaribio kwa maskini. Mwulize maswali matatu: Unatafuta kujua nini? Nikikubali au nikikataa, matibabu yangu yatabadilika vipi? Na matokeo mtatuambia lini? Akijibu kwa uwazi, na ukatambua kwamba una haki ya kukataa bila kunyimwa huduma, fikiria kukubali. Familia za watoto 3,141 zilikubali, na kwa ajili yao watoto wengine leo hawajazwi maji yasiyowafaa.

Na ndugu yako asipotundikiwa dripu, usidhani ametelekezwa. Mwulize daktari sababu, naye ana wajibu wa kukueleza.

Kwa wakuu wa vyuo na hospitali, ombi langu ni moja. Wapeni madaktari wanaosomea ubingwa muda, msimamizi anayepatikana, na wodi inayotaka kusikia walichokigundua. Daktari anayejua kuuliza "tumejuaje?" anagharimu zaidi kumfunza. Asiyejua anagharimu maisha, na takwimu za Lusaka zimeshaonyesha ni mangapi.